Gari la Kreme Juu ya Jiwe la Moto

Mama alizikwa Butembo siku ya Jumamosi, nami nilikuwa Goma, nimekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwangu, nikiyatazama mazishi yake kwenye simu. Barabara ilikuwa imefungwa tena. Safari hii ni waasi wengine wenye jina jingine, lakini kwa mtu mwenye msiba Butembo na miguu Goma, jina halibadilishi kitu. Picha ilikatika mara kwa mara. Niliona mgongo wa padri, kisha maua, kisha viatu vya yule aliyeshika simu, na jeneza lilipoanza kushuka mtandao ukaganda hapo hapo, jeneza likabaki nusu ndani nusu nje mpaka nikachoka kulitazama. Majirani walikuja na chai na mikate, wakakaa nami kwa heshima, wakazungumza bei ya makaa kwa sauti ya chini, wakaenda. Jioni mdogo wangu Kavira akanipigia. Alinitajia waliofika na waliolia sana, hata wale waliolia kuliko walivyompenda, tukacheka kidogo. Kisha akaniambia mimi kaka yake, "Yaya Kambale, batoto banataka kukusemesha. Banauliza ile gari ya kreme, ile ya Koko, kama ingali kwako." Koko ni Mama, bibi yao. Kabla sijajibu mtandao ulikatika, nikabaki na simu mkononi. Miaka zaidi ya ishirini sikuwa nimelisikia gari lile likitajwa na mtu yeyote. Nilidhani nalikumbuka peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mlima wa volkano ulipopasuka na moto ukashuka mpaka katikati ya mji. Watu huniuliza habari za siku ile, nami huwavunja moyo, maana naikumbuka kidogo tu: moshi, kelele, na Mama akihangaika kutafuta ufunguo wa kabati ambalo hakuna mtu angeweza kulibeba. Ninachokumbuka vizuri ni mwaka uliofuata. Nyumba yetu ilikuwa chini. Sisemi iliungua, nasema ilikuwa chini, imemezwa, na juu yake jiwe jeusi lilikuwa limefika pale palipokuwa na paa. Mama alichukua wadogo zangu wakapanda lori kwenda Butembo kwa wajomba, mimi nikaachwa nilinde kiwanja. Mtu asiyeijua Goma atauliza kiwanja gani, na kila kitu ni jiwe. Lakini ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya mwaka ule. Ua, miti, mifereji, alama zote za mipaka zilikuwa zimezikwa, na aliyelala mahali ndiye aliyekuwa mwenye mahali. Kila familia iliacha mtu wake juu ya jiwe, amekaa kama kuku anayeatamia. Wa kwetu nilikuwa mimi.

Nilijipigia chumba cha mbao, kitanda na meza vikiingia kwa kusukumana. Mbele ya mlango palikuwa na mahali pamoja laini, tambarare, ambapo jiwe lilikuwa halijapoa. Mvua ikinyesha pote palifuka moshi mweupe, lakini pale hata siku kavu ukiketi ulisikia joto linapanda polepole kwenye mapaja. Hapo ndipo nilipokula chakula changu kila jioni, bakuli la maharagwe magotini, nikipashwa joto na kitu kile kile kilichokula nyumba yetu. Sikuona ajabu wakati ule. Nilikuwa mpweke, na mtu mpweke hachagui anayempasha joto. Upande wa pili wa ukuta alikuwa jirani yangu Mama Zawadi, na ukuta wa mbao hauna siri: nilijua lini chumvi imewaishia, nilijua mume wake anakoroma kwa mafungu, na walipofika mwisho wa sala ya jioni nilikuwa naitikia Amina polepole upande wangu wasije wakanisikia. Siku moja Mama Zawadi alimwambia mume wake, nami nasikia, "Ule kijana wa hapa, hana mutu. Akikufa hapo tutajua kwa harufu tu." Nilikasirika sana. Kisha nikaona ni kweli, na hasira ikageuka kitu kibaya zaidi.

Kati yetu na Butembo palikuwa na mpaka ambao hauko kwenye ramani yoyote. Goma ilikuwa ya waasi wa huku, Butembo ya waasi wa kule, na habari za Mama zilinifikia kwa midomo ya madereva tu. Mmoja wao alikuwa akisimama kila apitapo, mtu mnene asiyezima injini, na mwezi wa saba alinirushia dirishani furushi dogo la vanila kutoka kwa Mama, akasema kwa kelele: "Mama yako anasema batakuya bote mwezi wa munane! Fête ya communion ya Kavira itafanyika hapa, kwenye parcelle. Utayarishe!" Akaondoka. Nilisimama barabarani na vanila yangu, na moyo wangu ukafanya hesabu yake yenyewe. Kavira angeweza kufanyiwa sherehe ya komunyo ya kwanza Butembo, kwa wajomba, kwenye nyumba zenye paa. Kama Mama alitaka ifanyike hapa kiwanjani, juu ya jiwe, basi alikuwa anarudi. Hakuna aliyesema hivyo. Nilijisemea mwenyewe, nikajiamini.

Tulipokuwa wadogo, jioni ambazo mezani palikuwa na sombe, yale majani ya muhogo, tupu bila samaki, Mama alikuwa na hadithi moja ya kutusaidia kumeza. Alituambia habari za gari la kreme, yaani aiskrimu, alilolikuta Goma alipofika akiwa msichana. Lilikuwa jeupe, na mistari ya bluu, na mwavuli juu, na kengele ndogo, na magurudumu membamba ya kupendeza, na kila siku ya Mungu mzee mwenye kofia nyeupe alilisimamisha kando ya ziwa. "Ile kreme, batoto yangu!" alikuwa akisema, anafumba macho, na sisi tunameza sombe tukifumba macho pia. Sijawahi kuliona gari lile. Lilikuwa limekufa kabla sijazaliwa. Lakini nililijua kuliko nilivyozijua picha za ukutani kwetu, na mwaka ule, picha zenyewe zikiwa chini ya jiwe, nikaamua kulitengeneza. Nilijiambia kwamba Mama akilikuta gari lile limesimama juu ya kiwanja chake, hatapanda tena lori. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba huo ni upuuzi.

Mafundi wa mbao wote walikuwa wanajenga nyumba. Aliyekubali kunisikiliza ni Muzee Serugendo wa Kibumba, ambaye maisha yake yote alikuwa ametengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali ambazo hushuka mjini na milima ya viazi na kabichi. Nilimwelezea gari la Mama kwa mikono na kwa mkaa juu ya ubao. Alisikiliza huku anachonga kitu kingine.

"Itabeba nini?"

"Kreme, Muzee."

"Kilo ngapi?"

"Sijui. Sufuria moja."

"Sufuria moja!" Aliniangalia kwa huruma. "Leo sufuria moja. Kesho utaweka gunia ya viazi. Kila mutu anasemaka hivyo. Nitakutengenezea kitu yenye haitavunjika."

Nikamwambia Mama alisema magurudumu membamba. "Mama yako alionaka hiyo gari wakati ya lami," akasema. "Unionyeshe lami iko wapi." Lami ilikuwa chini pamoja na kabati letu. Basi akachonga magurudumu matatu ya mti wa mkaratusi, manene, akayavika mpira wa tairi la lori, akaweka mihimili ambayo ingebeba ng'ombe. Kila nilipomsihi apunguze, aliongeza. Nilikuwa nambebea mbao zake asubuhi na kukaa naye mchana, nikila viazi vya kuchoma kutoka kwenye jivu lake, na kusema kweli sikuwa na haraka gari liishe, kwa sababu pale kwake palikuwa na mtu wa kunigombeza. Gurudumu la mbele lilitoka kwenye kipande chenye kifundo, likawa linavuta kushoto. Nilipolalamika, alilipiga kofi la kirafiki. "Hii yote inakuwaka na kichwa yayo. Hii inapenda kushoto. Utaizoea."

Tulilipaka chokaa, na mistari ya bluu nikaichora kwa rangi niliyoiomba bandarini, mabaki ya boti. Mwavuli ulikuwa wa mama mmoja muuza mikate, una tundu moja. Kengele sikuipata, nikaning'iniza jante, chuma cha gurudumu la pikipiki, kama ile jante inayogongwa shuleni kuita watoto. Nilipoigonga mara ya kwanza, watoto wa Mama Zawadi walitoka mbio na mmoja akarudi ndani kuchukua daftari. Kulisukuma kutoka kwa Muzee mpaka kwangu kulihitaji watu watatu, mmoja wetu kazi yake ikiwa kulirudisha gari kulia tu. Watu barabarani walicheka wakauliza jeneza ni la nani.

Kreme yenyewe alinieleza mpishi mmoja wa zamani aliyewahi kufanya kazi hotelini: maziwa, sukari na mayai yapikwe polepole, yapoe, kisha sufuria izungushwe ndani ya ndoo ya barafu iliyotiwa chumvi nyingi, bila kuchoka. Maziwa yalitoka Masisi. Chumvi ya mawe nilipewa na wanawake wauza samaki wa Vitshumbi, ambao hawakuamini kwamba naitaka bila samaki. Barafu nilipata Birere, kwenye chumba baridi cha samaki wa kuagizwa kilichokuwa na jenereta, nayo ilinuka samaki hao hao. Nilizungusha sufuria ile tangu asubuhi ya siku yao ya kufika mpaka mabega yakawa si yangu, na vanila ya Mama ilipoanza kunukia ndani ya baridi ile, nililia. Mama Zawadi alinichungulia, akaingia, akashika sufuria akazungusha bila kuniuliza kitu. Ndipo nilipojua kwamba zile Amina zangu alikuwa anazisikia siku zote.

Sanduku la gari lilipojaa barafu, na sufuria imo ndani, nikafikiria pa kuliweka gari. Kiwanja chote kilikuwa miiba ya jiwe na mashimo, gari lisingesimama. Pa kulisimamisha palikuwa pamoja tu, laini, tambarare, mbele ya mlango. Nikalisukuma hapo, nikafungua mwavuli, nikarudi nyuma kulitazama kwa furaha. Mimi niliyekula chakula changu pale kila jioni kwa miezi, nikijipasha joto, sikukumbuka kwamba jiwe lile bado lilikuwa na moto.

Walifika mchana, lori limejaa vumbi la njia nzima, wamecheleweshwa kwenye kila kizuizi tangu Kanyabayonga. Kavira alishuka wa kwanza na gauni lake jeupe amelishika lisiguse kitu. Mama alishuka mwisho. Alikuwa amekonda. Niligonga jante, watoto wakapiga kelele, lakini Mama hakulitazama gari. Alinikumbatia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaniacha akaanza kutembea juu ya jiwe, polepole, akiangalia chini. "Hapa mulango," akasema. "Hapa kabati. Hapa baba yenu aliwekaka kiti yake." Alikuwa anaitembelea nyumba yake, chumba kwa chumba. Alipofika jikoni akasimama muda mrefu. Kisha akageuka akaliona gari, na nikaona uso wake umebadilika, nikasema moyoni: tayari, atabaki.

Nilimpa bakuli la kwanza. Alikula kijiko kimoja, akashika shavu.

"Inauma meno," akasema.

Tukacheka wote. Kavira akamuuliza, "Na ile ya zamani, Mama, iliumaka vilevile?"

"Ile?" Alikitazama kijiko. "Ile sikulaka. Ilikuwa ya bazungu na batoto ya bakubwa. Miye nilisimamaka kando nawatazama, mpaka muzee anafunga anaenda."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. Miaka yote ile ya sombe alikuwa ametulisha kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukionja. Aliendelea kula, kijiko kwa kijiko, akifumba macho, mpaka akafuta bakuli kwa kidole. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Jiwe lilikuwa limefanya kazi yake chini ya sanduku, barafu ikawa maji ya samaki, na kreme ikawa maziwa matamu ya kuchota kwa kikombe. Watoto walikunywa hivyo hivyo, watoto wa Mama Zawadi pia, na ndugu zangu wakanitania kwamba nimevumbua supu. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nyumba ilikuwa imejaa watu, ingawa hapakuwa na nyumba.

Kisha Mama aliomba ndoo ya maji. Nilidhani anataka kunawa. Akatusimamisha sote tukizunguka mahali pale penye joto, nikalisogeza gari, na akamwaga maji juu ya jiwe taratibu. Moshi mweupe ukapanda katikati yetu. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Kwenye msiba moto huwashwa uani, watu hulala kando yake, na siku ya kumaliza matanga moto huo huzimwa, jivu hufagiliwa, chakula kizuri huliwa, kila mtu hurudi kwake. Hakuna anayelala tena pale. "Sasa tumemaliza matanga ya nyumba," Mama akasema. "Ilitulindaka muzuri. Ilale." Kumbe sherehe ya Kavira ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Nami nilikuwa nimeipikia kreme.

"Mama," nikasema, "miye nilifikiri munarudi."

"Kurudi wapi, mutoto yangu? Hii kitu ingali hai." Alionyesha moshi. "Siwezi kulalisha batoto juu yayo. Ulilinda, inatosha. Kesho unapanda lori na siye."

Ningepanda, mambo mengi yangekuwa tofauti. Lakini nilikuwa nimekaa mwaka karibu mzima juu ya jiwe lile nikimngojea, na sikuweza kuvumilia kwamba nilichokuwa nalinda ni maiti. Nikamjibu mbele ya watu wote, "Kama ni matanga, basi miye nitabakia na marehemu." Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningekwenda. Kesho yake, kabla ya kupanda, alilishika gari kwa usukani, akalisukuma hatua chache, likamponyoka upande. "Gari yako inaenda kushoto," akasema. Akafunga kitenge chake vizuri akapanda.

Nilibaki. Jiwe lilipoa, mji ukarudi juu yake, nikajenga, nikaoa, nikazeeka hapa. Waasi wakaja wengine, wakaondoka, wakarudi, na mlima nao ukamwaga tena mara nyingine, na kati ya hayo yote nilimwona Mama mara chache kuliko nilivyostahili mimi au yeye. Gari lilibeba viazi, kama Muzee alivyotabiri, na halikuvunjika. Wakati mmoja mji ulipofungwa na makaa yakakosekana, nilipasua mihimili yake nikapikia maharagwe. Gurudumu la mbele ndilo lilikuwa la mwisho kuwaka.

Mtandao uliporudi jioni ile ya mazishi, sauti iliyonijia ilikuwa ya mtoto, binti mdogo wa Kavira.

"Tonton Kambale, ni kweli ile gari inaendaka kushoto?"

Nikaibana simu sikioni.

"Koko alisemaka hivyo. Kila mara tukikataa sombe. Alisema ilikuwa nzito mpaka batu batatu banasukuma, na kengele yayo inalia kama ya shule, na kreme inauma meno. Alisema yeye alikula yote, akalamba bakuli." Kisha akaongeza, "Alisema ni mutoto yake alimutengenezea. Iko wapi sasa?"

"Iko hapa," nikasema. "Barabara ikifunguka, kuyeni mutakula kreme."

Nilipoweka simu chini nililia kama nilivyolia juu ya ile sufuria, na safari hii hapakuwa na Mama Zawadi wa kunishikia sufuria. Asubuhi nilipanda Kibumba kumtafuta mtoto wa Muzee Serugendo, ambaye naye sasa ni mzee na anachonga palepale kwa baba yake. Nikamchorea gari kwa mkaa. Aliniuliza litabeba nini, nikamwambia. Akaanza kunieleza kwamba siku hizi kuna magurudumu ya chuma, mepesi, membamba, yanayonyooka vizuri.

Nikamwambia hapana. La mbele lazima livute kushoto.